Mwasumini wangu una majani tele, maua mawili tu kwa miaka mitatu: nikate au niache?

Zamu ya Usiku:

Habari zenu wapenda bustani.

Mimi nafanya kazi zamu ya usiku. Natoka saa kumi na moja alfajiri, nafika mlangoni kabla jua halijatoka, nalala mpaka saa nane mchana. Kwa hiyo maua ya mchana siyafaidi. Yanafunguka nikiwa usingizini, na jioni nikifunga mlango kwenda kazini mengi yameshajikunja. Ndiyo maana miaka mitatu iliyopita nilipanda mwasumini. Niliambiwa ua lake hufunguka magharibi na kunukia usiku kucha. Nikasema basi, huyu ndiye mwenzangu, tutakesha pamoja.

Mahali penyewe ni hapa: kati ya ukuta wa nyumba na njia ya kuingilia kuna kipande cha udongo, upana sentimita 60 hivi, urefu hatua nne. Mwanzo wake ni mlango, mwisho wake ni dirisha la chumba ninacholala. Nilitaka kichaka kifupi, kisichopita kiuno, kisichoziba dirisha wala kumkwaruza mtu anayepita. Aliyeniuzia alinihakikishia aina hii hairefuki.

Mwaka wa kwanza ulinyamaza tu. Mwaka wa pili ukaanza kutoa vitawi vyembamba kama kamba, vinajisokota vyenyewe, vikashika nondo za dirisha. Nilifurahi, nikavifungia uzi visivunjike. Sasa kile kirefu kabisa kimenipita kimo. Chini shina liko uchi, hadi gotini huoni jani. Juu majani ni makubwa, yanang'aa, kijani cha kuiva, hayana hata doa. Ukiutazama utasema hakuna mmea wenye afya kama huu.

Ila maua ni mawili. Mawili kwa miaka mitatu.

La kwanza nalikumbuka vizuri. Nilikuwa natafuta ufunguo mfukoni, harufu ikanifikia kabla sijaliona ua. Nikaweka begi chini, nikaanza kulisaka kwa tochi ya simu. Dogo, jeupe pe, petali safu moja, limejificha nyuma ya majani. Nilikaa kizingitini mpaka kukapambazuka. La pili lilikuja miezi saba baadaye, nikalikuta limeshadondoka.

Namwagilia kila siku kabla ya kwenda kazini. Naweka mbolea ya kuku kila wiki mbili, viganja viwili. Sijawahi kuukata hata kitawi kimoja, maana naona kama nitakuwa naadhibu mmea usio na kosa, na tena naogopa kukata palepale ambapo ua lilitaka kutoka.

Naomba mnisaidie. Je, nimepata aina isiyochanua? Niendelee kusubiri? Au nikate, na kama nikate, kiasi gani?

---

Bibi Kitalu:

Mwanangu, nimesoma habari yako mara mbili, na pale kizingitini nimekaa na wewe. Mimi ninatunza miche tangu mikono yangu ilipokuwa laini, na miasumini ndiyo niliyoipenda kuliko yote, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Kwanza tuhakikishe ni mwasumini kweli, kwa sababu jina hili limebandikwa mimea mingi. Tazama jani. Mwasumini mfupi wa bustani, ule ambao wataalamu wa mimea wanauita Jasminum sambac, una jani zima moja moja, karibu na duara, na majani hukaa mawili mawili yakitazamana, mara nyingine matatu kwenye kifundo kimoja. Ukikuta jani limegawanyika vijani vitano au saba kwenye kikonyo kimoja, hiyo ni asumini ya kupanda ukuta, na kimo cha kiuno ndicho utakachokuwa unakigombea maisha yako yote. Kisha kata jani moja: likitoa utomvu mweupe kama maziwa, huo si mwasumini wa namna yoyote. Na ukiona maua membamba kama vijibomba, ya kijani-manjano, yenye harufu nzito inayoumiza kichwa, huo ni Cestrum nocturnum, nao una sumu. Usiuweke dirishani pa mtu anayelala. Kwa ulivyoeleza ua lako, jeupe la safu moja, naamini unao wenyewe.

Umesema mtakesha pamoja. Basi jua kwamba Linnaeus, yule mtaalamu aliyeipa mimea majina ya kisayansi, alipouandika mmea huu mwaka 1753 aliuita Nyctanthes sambac, na hilo neno la kwanza kwa Kigiriki ni ua la usiku. Baadaye, mwaka 1789, mtaalamu mwingine wa mimea aitwaye Aiton akauhamishia kwenye ukoo wa Jasminum, na hapo ndipo ulipo hadi leo. Lakini mimi naona jina lile la kwanza ndilo lililokuwa lake. Tumba huvimba mchana kutwa, hufunguka giza likiingia, na kesho yake ua huanza kugeuka rangi ya waridi hafifu, kisha hudondoka. Saa unayorudi wewe ndiyo saa yenyewe.

Sasa tatizo lako. Naliona katika mambo matatu, na yote matatu umeyafanya kwa mapenzi.

La kwanza ni huo mkasi uliouogopa. Mwasumini hauchanui kwenye tawi kuukuu. Unachanua kwenye chipukizi la msimu huu, kwenye ncha yake na kwenye vitawi vifupi vinavyotoka ubavuni. Ile kamba iliyokupita kimo ina ncha moja tu. Kichaka kilichokatwa vizuri kina ncha thelathini, arobaini. Kwa hiyo usipokata, ndipo unapoyazuia maua. Kusini mwa India, huko Madurai ambako asumini ni zao la shamba na si pambo, wakulima hukata vichaka kila mwaka mwishoni mwa Novemba hadi vinabaki kama sentimita 50 kutoka ardhini, na hao wanaishi kwa kuchuma maua hayo. Wangekuwa wanaua mmea wangeshaacha.

La pili ni mbolea ya kuku. Ile ina naitrojeni nyingi mno, na naitrojeni ndiyo inayolisha majani. Majani yako makubwa yanayong'aa hayasemi uongo: mmea umeshiba. Mmea ulioshiba hivyo haukumbuki maua. Acha mbolea hiyo kabisa kwa miezi mitatu.

La tatu hujaligusia, nalo ndilo linalonipa wasiwasi zaidi: jua. Hizo kamba zinazojisokota na hilo shina lililo uchi ni dalili ya mmea unaotafuta mwanga. Mwasumini unahitaji saa sita za jua la moja kwa moja, na zikizidi ni heri. Ukuta ule unatazama wapi? Kuna kitu kinachoukinga? Siku yako ya mapumziko jilazimishe kuamka, upite kila saa uandike jua liko wapi. Usikadirie kwa macho ya jioni.

Kuhusu kukata: subiri mwanzo wa msimu ambao kwako mimea hukua, joto likirudi au mvua zikianza. Chukua mkasi mkali, uufute kwa spiriti. Toa kwanza vilivyokauka na vinavyokwaruzana katikati. Halafu shusha matawi yote hadi magotini, yaani sentimita 45 au 50, na kila unapokata kata juu kidogo ya kifundo, pale majani mawili yanapotoka, kwa maana machipukizi yatatoka hapohapo. Ile sehemu iliyo uchi isikutishe. Mti ukiwa na mizizi mizuri huchipua hata kwenye gome. Lakini kwa usalama wa moyo wako, kata nusu ya matawi siku hiyo, ukiona yamechipua ukate nusu iliyobaki.

Machipukizi yakifika urefu wa kidole, yabinye ncha kwa kucha. Kila ncha iliyobinywa hutoa mbili. Hapo ndipo kichaka kifupi kinapopatikana. Aliyekuuzia hakukudanganya, alisahau tu kukwambia kwamba ufupi wake unategemea mkono wako.

Na maji: acha kumwagilia kwa saa. Ingiza kidole ardhini hadi kifundo cha pili. Pakiwa na unyevu, nenda zako kazini.

---

Kijani Kibichi:

Bibi amesema vizuri, ila mimi ningeenda njia fupi. Miaka mitatu ni mingi. Kama mahali pana kivuli, ng'oa upande kitu kingine chenye harufu. Mimi nina gadenia kwenye chungu, kimo chake ni cha mapajani, ua moja linajaza baraza zima. Dada yangu ana Murraya paniculata, ule wenye vijani vidogo vinavyofanana na vya mlimau, anaukata kama ua wa mzunguko na unatii. Harufu yake ni ya maua ya michungwa.

Nasema ukweli wangu kuhusu gadenia, maana sipendi mtu ajute: inataka udongo wenye asidi, pH (kipimo cha asidi) kati ya 5 na 6, na ukiuhamisha chungu ikiwa na matumba, inayadondosha yote kwa siku mbili. Mimi ilinichukua misimu miwili kuielewa. Lakini inavumilia kivuli cha nusu siku kuliko mwasumini.

Kama utabaki na mwasumini, nyunyizia majivu ya kuni kuzunguka shina. Yana potasiamu, na potasiamu inasaidia maua. Kwangu yamesaidia sana kwenye mawaridi.

Na swali: huo uzi uliofunga vitawi umeukagua? Niliwahi kufunga mche kwa uzi wa nailoni nikausahau, shina likanenepa, uzi ukazama ndani ya gome. Sehemu ya juu ilikufa yote.

---

Zamu ya Usiku:

Shikamoo Bibi, na asante sana Kijani.

Nimepima jua. Jana nilikuwa mapumziko, nikaweka kengele ya simu kila saa na daftari kando ya kitanda. Matokeo yamenihuzunisha. Mahali ulipo mwasumini jua linafika saa tano asubuhi na kuondoka saa saba na robo. Ukuta wa jirani unalizuia kabla ya hapo, na paa letu linalizuia baadaye. Saa mbili na robo tu! Na mimi muda wote huo nimelala, nikiamka saa nane nakuta mwanga mzuri wa kawaida, nikidhani siku nzima ilikuwa hivyo.

Ila nimegundua jambo. Upande wa pili wa njia, hatua nne tu kutoka mlangoni, jua linaanza saa tatu kasoro na halitoki mpaka saa kumi. Pana kipande cha udongo ambacho sijawahi kukitumia, nilikuwa naweka hapo ndoo.

Jani nimelikata, halikutoa maziwa. Ni jani zima, mawili mawili, na kwenye kitawi kimoja nimekuta matatu. Kwa hiyo ndio wenyewe.

Kijani, Mungu akubariki kwa lile la uzi. Nilikwenda na tochi. Vitawi viwili vilikuwa vimeshaanza kukazwa, gome limebonyea mstari mzima. Nimekata nyuzi zote.

Sitaki kuung'oa. Najua ni mmea tu, lakini nimefika nyumbani alfajiri nyingi, nao ndio kiumbe cha kwanza ninachokigusa. Nataka niupe nafasi kabla ya kuuacha.

Bibi, je, naweza kuuhamisha? Ukiwa na miaka mitatu ardhini si umechelewa? Na nikihamisha, nikate kwanza au nihamishe kwanza? Majivu niweke?

---

Bibi Kitalu:

Marahaba mwanangu. Umefanya kazi ambayo wengi hawaifanyi. Saa mbili na robo! Basi mmea huo umevumilia mengi.

Miaka mitatu si mingi. Unahama. Kata kwanza, kwa sababu mizizi utakayoipoteza kwenye kuchimba haitaweza kunywesha majani yote yale. Safari hii sahau habari ya nusu nusu. Kata yote hadi magotini, halafu subiri wiki moja. Siku moja kabla ya kuhamisha, lowesha udongo barabara ili ushikane na mizizi. Chagua jioni yenye mawingu. Chimba mduara kwa umbali wa sentimita 25 kutoka kwenye shina, kwenda chini kama mara moja na nusu ya urefu wa bapa la jembe la mkono, kisha pitisha sepeto chini yake na uuinue na donge lake. Usiushike shingo kuuvuta! Beba donge kwenye gunia au turubai, mbebe watu wawili kama unaweza.

Shimo jipya liwe pana mara mbili ya donge, lakini kina kilekile. Ukiuzika zaidi ya ulivyokuwa, shina linaoza. Udongo ukiwa mfinyanzi changanya mchanga na mboji, maana maji yakituama ndiyo mwisho wa mwasumini. Usiweke mbolea yoyote ndani ya shimo. Mwagilia, tandaza majani makavu juu, ila yasiguse shina. Kwa siku kumi za mwanzo uwekee kivuli cha kitambaa mchana, kisha uondoe kidogo kidogo. Utauona umesinyaa. Mwache asinyae, usimzamishe kwa maji kwa huruma.

Majivu hapana. Ndugu yetu Kijani amesema kweli kwamba yana potasiamu, lakini pia yanaondoa asidi kwenye udongo, na mwasumini unapenda udongo wenye asidi kidogo. Ukizidisha, mmea unashindwa kunyonya madini ya chuma, na utaona majani machanga yanageuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Machipukizi yakishatoka, kiganja kimoja cha mboji kwa mwezi kinatosha.

Kuhusu Murraya, ni kichaka kizuri na harufu yake naipenda. Ila yeyote mwenye michungwa au milimau karibu afikiri mara mbili. Ni wa familia moja nayo, na unamhifadhi yule mdudu mdogo mrukaji, Diaphorina citri, anayesambaza ugonjwa wa kugeuza majani ya michungwa kuwa manjano. Mimi niliung'oa wa kwangu kwa sababu hiyo, na nililia.

Jambo la mwisho, nalo ndilo bima yako. Vile vitawi utakavyokata usivitupe. Chagua visivyo laini sana wala vigumu kama kuni, vikate urefu wa sentimita 10 hadi 15 vikiwa na vifundo viwili au vitatu, ondoa majani ya chini, acha mawili juu na uyakate nusu. Chomeka kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, mwagilia, funika kwa mfuko wa nailoni unaopitisha mwanga, weka kivulini. Wiki nne hadi sita vinatoa mizizi. Chomeka kumi, maana havishiki vyote. Mwasumini huu karibu hautoi mbegu kabisa, kwa hiyo kila mmoja unaouona popote umetoka kwenye kitawi cha mwingine. Mkubwa akifa, hujampoteza.

---

Dirishani:

Naomba niongeze kidogo, maana mimi ninakoishi theluji inaanguka na mwasumini wangu umeishi kwenye chungu miaka minane.

Chungu chake ni cha sentimita 30 na sijawahi kukiongeza. Mizizi ikibanwa kidogo mmea unabaki mfupi na unachanua vizuri, mradi kila miaka miwili niutoe, nipunguze mizizi ya pembeni na kubadilisha udongo. Kiangazi uko nje juani. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi nauingiza ndani, kwa sababu baridi ya barafu inauua. Kwa hiyo Zamu, vipandikizi vyako vikishika, weka kimoja chunguni. Mchana kikae juani upande wa pili wa njia, na matumba yakishavimba na kuwa meupe unakisogeza mlangoni kabla ya kwenda kazini.

Wangu ni aina ya petali nyingi, ile ya Grand Duke of Tuscany, ua lake kama waridi dogo. Hukua polepole na kwa asili ni mfupi mnene. Kama mtu anaanza upya na anataka kichaka kisichomsumbua kwa mkasi, atafute huo. Kasoro yake ni kwamba maua yaliyozeeka hayadondoki yenyewe, yanakaukia palepale na kugeuka kahawia, inabidi uyachume.

Wadudu. Hewa ikiwa kavu, utitiri mwekundu huja chini ya majani. Hutauona, utaona vidoadoa vya rangi hafifu juu ya jani na utando mwembamba. Mmea nauogesha bafuni, yaani namwagia majani maji ya nguvu upande wa chini, siku tatu mfululizo, na huisha. Vidung'ata vile vyeupe kama pamba navifuta kwa kitambaa chenye spiriti.

Lakini lililowahi kuniumiza zaidi ni matumba kugeuka zambarau na kudondoka bila kufunguka. Nilidhani ni maji. Siku moja nikapasua tumba moja kwa wembe nikakuta viluwiluwi vyeupe vidogo sana ndani. Ni vya inzi mdogo anayetaga kwenye tumba likiwa changa. Viluwiluwi hao hushuka kwenye udongo kumalizia kukua. Nilichuma matumba yote yaliyobadilika rangi, nikayafunga kwenye mfuko na kuyatupa mbali, nikabadilisha udongo wa juu sentimita tano. Msimu uliofuata yalifunguka. Usiache matumba yaliyodondoka chini ya kichaka, hata siku moja.

---

Zamu ya Usiku:

Nimerudi. Zimepita wiki 13.

Nilikata. Mkono ulitetemeka kwa tawi la kwanza, la tano nikawa nimeelewa. Kilichobaki kilikuwa vijiti saba vya kahawia, na kwa siku mbili sikutaka kutazama upande ule nikipita. Wiki iliyofuata tukauhamisha, mimi na kaka yangu, donge likavunjika upande mmoja na nikadhani nimeua. Majani machache yaliyokuwepo yalidondoka yote. Wiki ya tatu hakuna kitu. Bibi, nilikuwa nakumbuka ulivyosema nisizamishe kwa maji kwa huruma, na nakiri mara mbili nilishika ndoo nikairudisha.

Siku ya 26 niliona nukta ya kijani kwenye kifundo, ndogo kuliko kichwa cha kiberiti. Kwa tochi, alfajiri, kama kawaida yangu. Kesho yake zilikuwa nne. Sasa kichaka kiko chini ya kiuno, kimejaa majani hadi karibu na ardhi, mengine yametoka kwenye lile gome nililodhani limekufa. Majani ni madogo kuliko yale ya zamani. Nimebinya ncha mara mbili.

Vipandikizi nilichomeka kumi, vimeshika sita. Kimoja nimempa kaka, ndiye aliyebeba donge upande mzito.

Na wiki iliyopita matumba yalitoka. Nilihesabu 23, matatu matatu kwenye ncha. Mawili yaligeuka zambarau, nikayachuma na kuyafunga kwenye mfuko kama Dirishani alivyosema. Yaliyobaki nikawa nayaona yanavimba kila jioni ninapofunga mlango.

Leo nimeshuka kwenye gari kule barabarani. Kutoka pale hadi kwenye geti letu ni kama hatua thelathini. Nilikuwa bado sijafika getini.

Tisa yamefunguka usiku wa leo. Nimekaa kizingitini na begi langu, naandika haya hapo hapo. Jua linatoka na sitaki kuingia ndani kulala. Asanteni sana nyote.

Bibi, nina swali moja: haya yakishadondoka, niuache upumzike au nifanye kitu?

---

Bibi Kitalu:

Mwanangu, nimeita watu waje wanisomee tena kwa sauti.

Usiuache. Mzunguko wa kwanza ukiisha, kila kitawi kilichochanua ukikate vifundo viwili chini ya pale maua yalipokuwa. Usikate zaidi ya hapo, huo si ule ukataji wa mwaka. Ongeza kiganja cha mboji, mwagilia. Kwangu huchukua kama wiki sita kurudia, na mara ya pili ncha huwa nyingi kuliko mara ya kwanza.

Kile kitawi cha kaka yako, mwambie asikipande kivulini. Sasa nenda ukalale, dirisha uliache wazi.